Kabla ya bei, uliza nani atapokea simu usiku

Tangu habari za mdogo wangu zienee, wanawake ninaowajua na nisiowajua wamekuwa wakinijia kutaka ushauri. Karibu wote huanza na bei: sindano za uso zinagharimu pesa ngapi Nairobi, na ni wapi zilipo nafuu. Siwalaumu, nami naishi mji huu na najua shilingi inavyotafutwa. Ila kwa niliyoyaona, bei ni swali la kuuliza mwisho kabisa. La kwanza ni hili: mambo yakiharibika saa nne usiku, nani atapokea simu, ana dawa gani mkononi, na atanipokea wapi? Usipopata jibu la hilo, simama, chukua mkoba wako, uondoke.

Nasimulia haya kwa ruhusa yake. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Mahali alipodungwa sitapataja, kwa kuwa malalamiko yetu bado yanashughulikiwa, na kwa kuwa mahali pa namna hiyo pako pengi, na ukikwepa mahali pamoja unaweza kuangukia pengine.

Zuhura ana miaka 34 na anafanya kazi mapokezi katika ofisi moja Upper Hill. Aliugua vidonda vya tumbo muda mrefu, akakonda, na uso ukashuka. Ile mistari miwili inayotoka kwenye pembe za pua hadi pembe za mdomo ikazidi kuchimbika. Kila asubuhi lazima apite mtu amuulize, "Unaumwa? Mbona umechoka hivyo?" Waliosema baadaye kwamba alikuwa anakimbia umri hawajawahi kukaa kwenye kiti kile na kuulizwa hivyo wiki nzima, mwezi mzima. Alitaka tu kuonekana mzima, kwa sababu alikuwa ameshapona.

Mwenzake wa kazini akamwonyesha ukurasa wa Instagram wenye picha za kabla na baada. Pande zote mbili za uso shilingi 14,000, kianzio cha 2,000 kwa M-Pesa, nyingine ukifika. Mahali penyewe ni nyumba ya ghorofani maeneo ya Kilimani, sebule imefanywa mapokezi na chumba kimoja cha kulala kimewekwa kitanda cha saluni. Ukutani palikuwa na fremu mbili. Moja ni kibali cha biashara cha kaunti, nyingine ni cheti cha mafunzo ya siku mbili chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Mdungaji alivaa nguo za kijani kama za chumba cha upasuaji, na wasichana wa mapokezi wakimwita daktari.

Hizo fremu zimewatuliza watu wengi, kwa hiyo acha niseme zinachomaanisha. Kibali cha kaunti kinamruhusu mtu kufungua biashara. Hakisemi lolote juu ya uwezo wake wa kuingiza sindano usoni mwako. Cheti cha mafunzo kinasema alihudhuria, basi. Daktari Kenya anaandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, wengi wanalijua kwa herufi za KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Wauguzi wana baraza lao, na maafisa wa kliniki wana lao. KMPDC ina orodha kwenye wavuti yake, unaandika jina unaona kama mtu yumo na kama leseni yake ni hai. Orodha ya vituo vilivyopewa leseni nayo ipo. Nilipokuja kulitafuta jina la yule mdungaji sikulikuta popote. Kazi hiyo inaisha kabla chai haijapoa, na inafanyika ukiwa umekaa kitandani, kabla hujatuma hata senti.

Alichodungwa kinaitwa fila. Ni jeli inayoingizwa chini ya ngozi ili kujaza palipobonyea. Inayotumika zaidi imetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe unacho, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2003. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka na ushei, mwili huimaliza. Watu wengi hudungwa na hawapati zaidi ya uvimbe na wekundu wa siku chache. Sitaki mtu anielewe kwamba kila sindano ni balaa.

Ila uso umejaa mishipa. Jeli ikiingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu, au ikiubana kwa nje, damu haifiki mbele, na nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Palipo hatari zaidi ni puani, katikati ya nyusi na kwenye paji la uso, kwa sababu mishipa ya hapo imeungana na ile inayokwenda jichoni. Jeli ikisukumwa kwa nguvu hurudi nyuma hadi huko, na kuna watu waliopoteza uwezo wa kuona namna hiyo. Na hili nililisikia kwa mshangao kutoka kwa daktari wa ngozi aliyemtibu Zuhura: linaweza kumpata hata bingwa mwenye uzoefu wa miaka. Mkono mzuri hupunguza hatari bila kuifuta. Kinachomtofautisha bingwa na mbahatishaji ni dakika zinazofuata. Bingwa hujua anachokiona, huacha kudunga hapo hapo, na dawa ya kuyeyusha jeli iko kabatini mwake.

Dawa hiyo ni kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Shika jina hilo. Ukimwuliza mtu anayetaka kukudunga kama anayo, akakutazama kama umezungumza Kichina, umeshapata jibu lako. Na akisema anayo, mwombe akuonyeshe chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Daktari wa kweli hatakasirika.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Zuhura alipakwa krimu ya ganzi, akadungwa upande wa kulia bila shida. Upande wa kushoto, karibu na pembe ya pua, alisikia uchungu mkali uliopanda juu kisha ukafifia. Mwenzake aliyekuwa amekaa pale aliona ngozi ya ukingo wa pua ikibadilika rangi kwa ghafla. Akauliza. Akaambiwa ni kawaida, ni ganzi. Kwa kweli jeli nyingi huja zimechanganywa na ganzi ndani yake, na hiyo ndiyo hatari, maana maumivu ambayo yangekuonya yanafunikwa kwa saa kadhaa za mwanzo, saa ambazo ndizo za thamani kuliko zote. Hakuna aliyemwuliza Zuhura kama ana maradhi yoyote, kama anatumia dawa, kama ni mjamzito, kama ngozi ya kwao hufanya makovu ya kuvimba. Alilipa, akaitiwa teksi, akaenda nyumbani.

Jioni ganzi ilipoisha, maumivu yakaja na yakawa yanazidi badala ya kupungua. Akatuma ujumbe wa WhatsApp. Jibu lilikuwa: "Ni uvimbe wa kawaida mpenzi, weka barafu." Akaweka barafu usiku kucha. Baadaye daktari alitueleza kwamba barafu huifanya mishipa isinyae, na mshipa ulioziba unahitaji joto. Kwa uvimbe wa kawaida barafu inafaa. Kwa damu iliyokwama inaongeza madhara. Mdungaji asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili alikuwa anamtibu kwa simu.

Nilifika kwake Jumapili alasiri, nikamkuta amejifunika leso hadi machoni. Alisema ana mafua. Nikamwambia, "Zuhura, mimi ni dada yako, toa hiyo leso." Akaitoa.

Nataka kueleza nilichokiona kwa makini, kwa sababu picha nyingi zinazoonyesha tatizo hili ni za ngozi nyeupe, na kwetu halionekani hivyo. Wao hugeuka weupe kama karatasi. Ngozi ya Zuhura, ambayo ni ya maji ya kunde, ilikuwa na rangi ya majivu kwenye ukingo wa pua, na kutoka hapo kushuka hadi juu ya mdomo palikuwa na michoro ya zambarau iliyokolea, imepishana kama nyavu ya kuvulia. Upande wa kulia haukuwa na kitu. Nilimpeleka dirishani, kwa sababu taa ya umeme ya njano huficha. Nikamwambia ainue mdomo wa juu. Ndani, ufizi wa kulia ulikuwa wa waridi kama kawaida, wa kushoto umepauka. Nikabonyeza ngozi kwa kidole nikaachia. Upande wa kulia rangi ilirudi mara moja. Upande wa pili alama ya kidole changu ilibaki pale ikitutazama.

Sikujua jina la tatizo, ila nilijua kwamba uvimbe hauwi hivyo. Nikampiga picha pale dirishani, na nikaendelea kumpiga picha kila baada ya muda, mahali pale pale. Picha hizo zilikuja kutusaidia kuliko maneno.

Kwa nini alikaa kimya tangu Jumamosi? Kwa aibu. Aliogopa Mama, aliyeko Majengo kule Mombasa, asije akasikia. Aliogopa shangazi zetu, ambao walipojua, mmoja wao alisema kwa sauti kwamba asiyeridhika na alivyoumbwa huadhibiwa. Nilimjibu kwa adabu, maana ni mkubwa wangu, lakini nilimjibu. Zuhura alikuwa na jeraha usoni, na anayehukumiwa hufunika jeraha badala ya kulitibu. Aibu ile ilimla saa alizozihitaji sana. Kama una binti, dada au rafiki anayefanya mambo haya, na wapo wengi wanaofanya kimya kimya, mhakikishie mapema kwamba siku akipata shida atakupigia bila kuhubiriwa. Mahubiri yana wakati wake.

Usiku ule tulikwenda idara ya dharura ya hospitali moja. Ukumbi ulikuwa umejaa majeruhi wa bodaboda. Daktari kijana alituona kwa upole, akasema ni mzio, akaandika dawa za mzio na viuavijasumu, tukarudi. Sina kinyongo naye. Alikuwa hajawahi kukutana na jambo hili, na sisi tulimwambia tu "amedungwa sindano ya urembo akavimba." Leo ningesema hivi, na nakuomba ukariri: "Amedungwa fila jana saa nane mchana, hapa na hapa. Ngozi imebadilika rangi, rangi hairudi ikibonyezwa, maumivu yanazidi. Tunahofia mshipa umeziba. Tunaomba aonwe na daktari wa ngozi au wa upasuaji wa plastiki sasa hivi." Maneno hayo humfanya daktari aliyechoka akae wima. Na kama mgonjwa anaona giza, anaona vitu viwili viwili, kope imeanguka au ana maumivu makali ya jicho, usisubiri hata kubadilisha nguo. Jicho huhesabu dakika.

Jumatatu alfajiri nilimgongea jirani yetu South C, mama mmoja mfamasia. Alitazama picha mara moja tu, akaanza kupiga simu. Alfajiri hiyo hiyo akatupatia daktari wa ngozi, mwanamke, mwenye kliniki upande wa Ngong Road. Tulipofika alikuwa anatungoja mlangoni.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumfunika Zuhura jicho moja na kumwuliza anaona vidole vingapi, kisha la pili. Ndipo akatazama ngozi. Alibonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akihesabu kwa midomo bila sauti, akienda sentimita kwa sentimita na kuchora kwa kalamu mpaka wa eneo lililokosa damu. Akauliza kama amewahi kuumwa na nyuki akavimba mwili mzima. Sikuelewa nyuki wanaingiaje. Akanieleza kwamba sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii ile ile, na mwenye mzio wa nyuki anaweza kupata mzio wa dawa anayotaka kumpa. Wagonjwa wengine huongezewa aspirini, lakini Zuhura aliwahi kuugua vidonda vya tumbo, kwa hiyo akaiacha. Maswali hayo machache ndiyo yaliyokosekana Kilimani.

"Nahitaji kujua alichodungwa," akasema. "Kama ni asidi ya hayaluroniki, dawa yangu itaiyeyusha. Kama ni jeli ya aina nyingine, haitaigusa. Mimi naanza, siwezi kungoja. Wewe nenda ukaniletee boksi."

Nikachukua boda. Pale ghorofani msichana wa mapokezi aliniambia daktari hayuko. Nikasema nitakaa hapo hadi arudi na nitamweleza kila mteja anayeingia kwa nini nimekaa. Mdungaji akatokea chumbani. Hakuwa na rekodi ya Zuhura, hata jina lake la pili hakulijua. Mwishowe alifungua friji ambayo ndani yake mlikuwa na soda, maziwa na bomba za jeli, akanipa boksi "kama lile alilotumia." Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imesuguliwa, na pale ambapo pangekuwa na stika za namba ya toleo palikuwa na gundi tupu. Boksi la fila halali huja na stika zinazobanduka, moja ikabandikwa kwenye faili lako na nyingine ukapewa uondoke nayo. Idai stika yako. Piga picha boksi likiwa limefungwa na ulione likifunguliwa mbele ya macho yako. Bila hiyo stika, siku ya shida utakuwa unakimbia mjini kwa boda kama mimi, ukitafuta jina la kitu ambacho kiko ndani ya mwili wa ndugu yako.

Boksi liliandikwa asidi ya hayaluroniki, na kwa rehema za Mungu ilikuwa kweli. Niliporudi nilimkuta Zuhura ameshika mkono wa muuguzi. Dawa hudungwa eneo zima lililochorwa, sindano baada ya sindano, halafu husuguliwa kwa nguvu ili isambae, na ngozi ile tayari imeumia. Kisha kitambaa cha uvuguvugu. Kisha kungoja saa, kubonyeza, kutazama, na kudunga tena. Mchana, alama za kidole zikaanza kufutika upesi zaidi. Juu ya mdomo rangi ikarudi. Ukingo wa pua ukakataa kabisa. Daktari akatuambia ukweli bila kuupamba: tungefika jioni ya Jumamosi, huenda kusingekuwa na jeraha. Sasa lazima litakuwepo, na kazi iliyobaki ni kulifanya liwe dogo.

Likawepo. Kwanza malengelenge madogo yenye usaha, ambayo mtu anaweza kudhani ni chunusi. Halafu gaga jeusi. Lilipodondoka likaacha shimo dogo kwenye ukingo wa pua. Kwa majuma mengi tulikwenda kusafishwa na kufungwa. Ngozi yetu nyeusi ina tabia yake, ikiumia hutia weusi unaokaa miezi, kwa hiyo alipewa losheni ya kuzuia jua na kukatazwa kabisa kujipaka krimu za kujichubua zinazouzwa mitaani, ambazo nyingine huwa na zebaki au dawa kali za steroidi. Sasa shimo limejaa, limebaki kovu linaloonekana ukikaa naye karibu.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu ndizo watu wanazoniuliza. Zile 14,000 zilizaa matibabu yaliyopita 90,000 tukijumlisha dawa, kliniki na teksi. Bima ya kazini kwake ilikataa, ikasema madhara ya urembo hayamo. Nilikopa chama. Yeye alipoteza mshahara kwa siku ambazo hakuweza kukaa mapokezi na bandeji usoni. Mdungaji alirudisha shilingi 5,000 na ujumbe wa kutaka yaishe. Ukipiga hesabu ya unafuu, weka na hiyo.

Wakati wa kusafishwa jeraha tulikuwa tunakaa sana na daktari, nami nikawa namwuliza kuhusu vitu vingine vinavyotangazwa mjini. Kuhusu Botox alinifunulia jambo ambalo sikulijua. Ile haijazi. Inalegeza misuli, inaanza kufanya kazi baada ya siku chache na hudumu miezi mitatu hivi au minne. Ikipotoka na kope ikaanguka, hakuna dawa ya kuiyeyusha, unangoja iishe yenyewe. Huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kichupa kilichosafiri kwenye mkoba wa mtu ni cha kutiliwa shaka. Na bandia zipo hata kwa wenzetu: Aprili 2024 Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu kulazwa hospitali kwa sindano za Botox bandia.

Kuna ile ya kutoboatoboa uso kwa visindano na kupaka majimaji ya damu yako mwenyewe. Huko New Mexico, wateja kadhaa wa spa moja isiyo na leseni waliambukizwa virusi vya Ukimwi kwa njia hiyo, na ripoti yake ilitolewa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani mwaka 2024. Ukiona sindano haikufunguliwa mbele yako, au bomba la damu halina jina lako, shuka kitandani. Kuna kalamu zinazosukuma fila bila sindano, ambazo watu hununua mtandaoni na kujifanyia nyumbani, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilizionya mwaka 2021. Silikoni ya majimaji ya kudungwa makalioni au usoni usiikaribie kabisa. Haiyeyuki, husafiri mwilini, na kuitoa ni kukatwa.

Na kwa wenye nywele za kidevu wanaotaka leza, maana hao nao ni wengi na wanateseka kimya: leza hufuata weusi wa nywele, na kwetu ngozi nayo ni nyeusi, hivyo mashine isiyofaa huchoma ngozi yenyewe. Kwa ngozi nyeusi iliyo salama zaidi ni ile ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Uliza mashine ni ipi. Anayesema "zote ni sawa" hajui kazi yake. Omba ajaribu mahali padogo kwanza, mngoje siku kadhaa mtazame ngozi ilivyopokea.

Kuhusu kulalamika. KMPDC ina ofisi Woodlands Road, karibu na Lenana Road, na Bodi ya Famasia na Sumu iko hapo hapo Lenana Road, kwa hiyo safari moja inatosha kwa zote mbili. Baraza husikiliza malalamiko dhidi ya madaktari na vituo. Kama aliyekudunga si daktari kabisa, waambie hivyo pia, kwa sababu kutibu watu bila kuandikishwa ni kosa la jinai na polisi wanahusika. Bodi yenyewe hushughulika na bidhaa, bandia au zilizoleta madhara, na ina fomu kwenye wavuti ambayo hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuijaza. Tulifanya vyote. Daktari wa ngozi naye alituandikia ripoti, tulipoiomba.

Tulipokwenda, kilichotakiwa zaidi kilikuwa ushahidi. Zuhura alikuwa amekasirika kiasi kwamba alitaka kufuta mazungumzo yote ya WhatsApp na kumfungia yule mwanamke asimpate tena. Nilimnyang'anya simu. Ule ujumbe wa kuweka barafu, pamoja na saa uliyotumwa, ndio karatasi ya kwanza kwenye faili letu. Ya pili ni ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea, ambalo lilikuwa tofauti na jina lililo kwenye cheti cha ukutani. Halafu picha za dirishani zikiwa zimepangwa kwa saa, picha ya boksi, na risiti za matibabu. Yule mwenzake wa kazini aliyeona ngozi ikibadilika rangi ameandika maelezo yake na kuyatia sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa amelipa kianzio kwa ajili ya mwezi uliofuata, na hakudai arudishiwe.